Mashapo ndiyo yenye siri: siku ya kuonja shampeni karibu na Épernay

Jumapili usiku.

Kwetu shampeni tunaijua kwa kishindo. Harusini Dar, mshereheshaji anamwita mfunguaji, muziki unapanda, chupa inatikiswa, kizibo kinaruka na povu linamwagika huku vigelegele vikipigwa. Naipenda shughuli ile. Lakini mara nyingi kilichomo chupani si shampeni, maana huku Ulaya jina hilo kisheria ni la mvinyo wa jimbo la Champagne, kaskazini mashariki mwa Ufaransa, peke yake. Na hata inapokuwa yenyewe, nusu inaishia sakafuni, iliyobaki inanywewa kwa mkupuo. Hilo linaniuma, hasa leo, kwa sababu jana nimeonja glasi mbili kwa mkulima mmoja wa Côte des Blancs, eneo la mizabibu huko Champagne, na tangu hapo siwazi kingine.

Kutoka Paris ni treni ya saa moja na robo hivi mpaka mji wa Épernay, halafu gari kidogo kuelekea kusini. Milima ni ya chini, mizabibu imepangwa kwa mistari mpaka unapokoma upeo wa macho, na pale udongo ulipochimbwa unaona weupe wa chaki. Eneo hili ni la zabibu za Chardonnay. Kwingine Champagne wanalima zaidi Pinot Noir na Meunier, zabibu zenye ganda jeusi ambazo hukamuliwa polepole ili maji yake yabaki meupe. Sheria ni kali: kilo 4,000 za zabibu zinatoa lita 2,550 tu. Dodoma, kwa jua lile, wakulima huvuna mara mbili kwa mwaka. Huku ni mara moja, kwa mikono, na zabibu huingia kwenye shinikizo zikiwa bado na ukali. Ukali huo ndio uti wa mgongo wa mvinyo wenyewe, kwa hiyo hakuna anayetamani jua la ziada.

Mwenyeji wetu, mama wa makamo mwenye mikono ya kazi, alitushusha ghalani chini ya ardhi. Baridi kule ni nyuzi 10 au 11, kiangazi na kipupwe. Chupa zimelala kwa maelfu gizani. Kila moja ilitiwa mvinyo uliokwisha kuchacha mara ya kwanza, ikaongezwa sukari na hamira, ikazibwa. Humo mvinyo huchacha mara ya pili, na gesi kwa kukosa pa kutokea huyeyuka ndani yake. Hamira ikimaliza kazi inakufa na kutulia ubavuni mwa chupa. Watu wengi hudhani shampeni ni vipovu. Mimi naamini ni hayo mashapo. Kadiri mvinyo unavyolala juu yake ndivyo unavyopata unene na harufu ambazo zabibu peke yake isingeweza kuzitoa. Sheria inataka miezi 15 chupani kwa shampeni ya kawaida, na miaka 3 kwa ile ya mavuno ya mwaka mmoja uliotajwa kwenye lebo. Wakulima wazuri hungoja zaidi.

Kisha mashapo lazima yatoke bila kuitoa gesi. Ukutani palikuwa na mbao zenye matundu, chupa zimechomekwa vichwa chini. Kila siku zinazungushwa kidogo mpaka uchafu wote unashukia shingoni. Mbinu hiyo ilizaliwa takriban mwaka 1816 katika kampuni ya shampeni ya Barbe-Nicole Clicquot, mwanamke aliyefiwa na mumewe mwaka 1805 akiwa na miaka 27 na akaushika usukani wa biashara mwenyewe. Siku hizi mashine huzungusha, na mashine hugandisha shingo ili mashapo yatoke kama donge la barafu. Mama yule alitaka tuone ya kale. Akaishika chupa kichwa chini, akaanza kuinyanyua huku akiling'oa kizibo cha bati kwa koleo, na kabla hewa haijafika shingoni, paa! Mashapo yakaruka ndani ya pipa, kidole gumba kikaziba mdomo. Kilichopotea hakijai hata kikombe cha kahawa.

Glasi ya kwanza ilikuwa changa: ndimu, tofaa bichi, mate yanajaa mdomoni. Nzuri, safi. Ya pili imetoka shamba lilelile, lakini imelala miaka minane juu ya mashapo. Vipovu vidogo mno, vinapanda bila haraka. Nikanusa nikakuta unga wa maandazi uliolala usiku kucha ukiumuka, na nyuma yake kitu cha lozi. Ukali bado upo, ila umekaa katikati badala ya kutangulia. Nilimeza, nikazungumza na mwenzangu maneno machache, na ladha ilikuwa bado inaendelea kubadilika.

Kabla ya kizibo cha mwisho huongezwa tone la mvinyo wenye sukari. Siku hizi kuna wanaojivunia kutoongeza kabisa. Kwa maoni yangu wengi wanakosea: gramu nne au tano kwa lita hazileti utamu, zinaulainisha ukali tu.

Nawaomba wanaoionja nyumbani waache zile glasi nyembamba kama mrija. Tumia glasi ya kawaida ya mvinyo mweupe, ili pua ipate nafasi. Wala usiigandishe, nyuzi 8 hadi 10 zinatosha, chini ya hapo unakunywa baridi tu. Samaki wa kukaanga mwenye chumvi anakwenda nayo kuliko keki, maana sukari ya keki inaifanya ionekane chachu.

Na ukishika chupa dukani, isome. Herufi ndogo RM zinamaanisha mkulima ametengeneza mwenyewe kutokana na zabibu zake. NM ni kampuni inayonunua zabibu kwa wengine, na zipo nzuri sana. Baadhi ya wazalishaji huandika nyuma tarehe ya kutolewa mashapo. Linganisha na mwaka wa mavuno kama umetajwa, utajua ililala muda gani. Chupa niliyorudi nayo ni ya mavuno ya 2014, imetolewa mashapo mwaka 2023.