Nilichopaswa Kumjibu Idi

Siku nne sasa, na jibu nililompa Idi bado linanichoma. Idi mnamjua, mtoto wa dada, kiungo wa timu ya shule. Tulikuwa tunazungumzia Santi Cazorla, kiungo wa Kihispania aliyechezea Arsenal, akaniuliza, "Mjomba, Cazorla si yule wa majeruhi?" Nikasema, "Ndiyo, aliumia sana." Basi, tukaendelea kula.

Wiki hii dada amehamia nyumba mpya na ofisini tumefunga hesabu za mwaka, lakini mimi narudi palepale mezani. "Si yule wa majeruhi?" "Ndiyo." Ndiyo gani ile?

Ningemwanzia Januari 2015, Arsenal ugenini kwa Manchester City. Cazorla, kimo mita 1.68, alicheza chini, mbele ya mabeki, karibu na kiungo mkabaji Coquelin. Wakashinda 2-0: penalti yake, kisha mpira wake wa adhabu ambao mshambuliaji Giroud aliumalizia kwa kichwa. Raha yenyewe ilikuwa katikati. Kiungo anayepokea mpira mbele ya mabeki wake hukabwa kwa kufungiwa mguu wenye nguvu, ageukie ule dhaifu. Cazorla hakuwa na mguu dhaifu; hata kona alipiga kwa yote miwili. Ukimfungia kulia anatokea kushoto. Ukimsubiri, pasi imeshaondoka.

Idi na wenzake hupiga mashuti mia ukutani kwa mguu wa kushoto wakidhani ndio siri. Kinachowaangusha ni mguso wa kwanza. Wanapokea kwa kulia, halafu wanauhamishia kushoto, na mguso huo mmoja wa ziada unatosha mkabaji kufika. Waanze na kupokea: wageuze mwili ubavu, watazame nyuma juu ya bega kabla mpira haujafika, wapokee kwa mguu ulio mbali na mkabaji, na goti la mguu wa kusimamia likunjwe kidogo. Goti likikazwa, mpira unaruka hatua mbili mbele.

"Si yule wa majeruhi?"

Haya, tuyaseme na hayo. Oktoba 2016, dhidi ya Ludogorets ya Bulgaria, alitoka uwanjani akiwa ameumia na hakuichezea Arsenal tena. Kifundo cha mguu wa kulia kilipasuliwa mara kwa mara, kidonda kikifungwa kinafunguka, bakteria wakala karibu sentimita 8 za kano ya kisigino. Aliambiwa ashukuru akiweza kutembea bustanini na mwanawe. Huko Vitoria, Hispania, kano ikajengwa upya, na ngozi ya kuziba kidonda ikatolewa mkononi, ikiwa na tatuu ya jina la binti yake, India.

Januari 2019 mtu huyohuyo aliifungia Villarreal mabao mawili dhidi ya Real Madrid, moja kwa kichwa! Mwaka 2023 akarudi Oviedo, klabu ya ujana wake, kwa mshahara wa kima cha chini. Tarehe 21 Juni 2025, akiwa na miaka 40, alifunga penalti dhidi ya Mirandés, Oviedo wakashinda 3-1 baada ya muda wa nyongeza na kurudi ligi kuu ya Hispania baada ya miaka 24. Nikiandika hapa moyo umekuwa mwepesi. Jumamosi namwita Idi, tuanze na kupokea.