Torino, udongo wa karakana na mzee aliyechora gari za watu wa kawaida

Kila nikisema naishi Torino, Italia, watu wa nyumbani wanauliza habari za Juventus, sawa, ila huu mji ni wa magari. Nenda Lingotto uone kile kiwanda cha zamani cha Fiat kilichofunguliwa 1923, gari lilianza kuundwa chini likawa linapanda ghorofa kwa ghorofa, likikamilika linatokea paani na linajaribiwa huko huko juu, barabara kabisa iko juu ya paa. Nilipopanda mara ya kwanza nilimpigia baba simu ya video nikashindwa hata kuongea.

Mzee wangu ni fundi bodi Gerezani, Dar, na mi nimekulia kwenye vumbi la msasa. Huku nilianza kwa kushusha maboksi ya mboga sokoni alfajiri, jamaa mmoja akakaa na mshahara wangu wa miezi miwili hadi leo, nikaondoka, na baada ya kuzunguka sana nikapata kazi kwenye karakana inayotengeneza mifano ya magari kwa udongo. Ndiyo, udongo, hata leo na kompyuta zote hizi. Unakuja kama magogo ya kahawia, unaupasha kwenye oveni unakuwa laini kama ugali wa moto, unaubandika kwa kidole gumba juu ya povu gumu, ukipoa unakaza halafu unaukwangua na chuma chenye meno mpaka mstari utokee. Tukimaliza tunavuta juu yake karatasi ya plastiki ya rangi ya fedha, taa zikiwashwa unaona mwanga unavyotembea ubavuni na kila kosa linajitokeza.

Siku ya kwanza fundi mkuu, mzee wa Kiitaliano, alipitisha kiganja juu ya bonneti taratibu huku anaangalia pembeni, akasimama, akasema hapa. Mi sikuona kitu. Nikaweka mkono nikahisi kibonde chembamba kama karatasi. Ndugu zangu nililengwa na machozi, maana ndo hivyo hivyo baba anavyopima puti, ile ya kuzibia mabonde kwenye bodi!

Huyo mzee ndo alinifundisha habari za mchoraji wa magari Giorgetto Giugiaro, soma Jujaro. Amezaliwa Garessio mwaka 1938, huku huku mkoa wa Piemonte, kwenye ukoo wa wachoraji, babu na baba wote walikuwa wanapaka picha kwenye kuta za makanisa na yeye alijua atashika brashi hiyo hiyo. Akaja Torino kusoma sanaa na mchoro wa kiufundi, 1955 mhandisi mkubwa wa Fiat, Dante Giacosa, akaona michoro yake akamchukua, dogo ana miaka 17 tu. Baadaye akaenda Bertone, halafu Ghia, zote kampuni za kuchora magari, na 1968 yeye na mhandisi Aldo Mantovani wakafungua kampuni yao, Italdesign. Hapo kwa Mantovani ndo watu wanaparuka na mi naona ndo kiini, maana mchoro mzuri peke yake haufiki barabarani, wao walikuwa wanakupa umbo na jinsi bati litakavyokunjwa na wapi pachomelewe, kiwanda kinapokea kazi iliyokamilika.

Watu wakimtaja wanataja Maserati Ghibli au ile DeLorean ya chuma kisichopakwa rangi. Mi nampendea hizi nyingine. Volkswagen Golf ya kwanza ya 1974 ni yake. Fiat Uno ya 1983 yake. Lancia Delta ilitoka 1979 kama gari la familia, na wakubwa mnaofuatilia Safari Rally mnaikumbuka Integrale, toleo lake la mashindano, ilivyochukua ushindi Kenya 1988, 1989 na 1991. Na hii ilinishtua kabisa, Suzuki Carry ya 1969 umbo lake ni la Giugiaro, yaani mababu wa Kirikuu, vile vigari vidogo vya mizigo vya kwetu! Hizi Kirikuu za sasa ni vizazi vya baadaye vyenye sura nyingine, lakini ukoo ni ule ule.

Halafu Fiat Panda ya 1980. Bibi wa ghorofa ya pili kwetu anayo ya zamani, siku nimembebea maji ya chupa akaniruhusu niingie nikaangalie. Vioo vyote bapa, hata cha mbele, kwa sababu kioo bapa hakisumbui kutengeneza wala kubadilisha. Kwenye dashibodi hakuna madoido, kuna mfuko mrefu wa kitambaa umening'inia na ndani yake nikakuta miwani, gazeti na nusu ya mkate. Giugiaro mwenyewe aliifananisha na suruali ya jinzi. Kumchorea mtu asiye na hela gari la heshima ni kazi ngumu kuliko kumchorea tajiri, hilo naliamini kabisa, tajiri anaongezewa kila kitu ila huyu kila senti uliyopunguza lazima ijulikane imeenda wapi.

Kuna jambo moja nalifikiria sana nikiwa kwenye tramu asubuhi. Miaka ya 70 Hyundai walikuwa hawana gari la kwao wenyewe, wakamfuata Giugiaro, wahandisi wa Kikorea wakaja hapa hapa Torino kukaa na Italdesign wakijifunza, gari lao likaitwa Pony, ikaonyeshwa hapa 1974 na mwaka uliofuata ikaanza kutoka kiwandani Korea. Wageni kama mimi, wametoka mbali, lugha hawaijui. Mi nina daftari langu, naandika kila kitu, joto la oveni, aina za vikwanguo, mstari unavyoanzia kwenye gurudumu.

Juzi nimemsimulia baba yote haya, akakaa kimya, halafu akauliza swali moja tu, huyo bwana na yeye anapima kwa kiganja? Nikamwambia Jumatatu nitamuuliza fundi mkuu.