Mawingu na vivuli mlimani: kumbukumbu ya mradi, awamu ya tatu

Lengo ni lilelile, video ya taimulapsi, yaani picha nyingi zinazopigwa kwa nafasi sawa za muda na kuunganishwa kuwa video: kamera imetulia, mawingu yanapita juu ya safu ya milima, vivuli vinatambaa mabondeni. Kikwazo cha awamu hii ni mwendo, kwa sababu ndani ya fremu moja kuna vivuli vya aina mbili. Kivuli cha wingu hukimbia na upepo. Kivuli cha mlima wenyewe hufuata jua, ambalo husogea nyuzi 15 tu kwa saa. Nafasi ya sekunde kati ya picha na picha inayokifaa kivuli kimoja humharibia mwenzake.

Jaribio la sekunde 20 kati ya picha na picha: saa 3 zilitoa picha 540, yaani sekunde 21.6 za video kwa fremu 25 kwa sekunde. Kivuli cha mlima kilishuka taratibu kama pazia. Mawingu yakawa yanarukaruka, na vivuli vyake vinamwekamweka bondeni kama taa yenye waya uliolegea. Jaribio la sekunde 2 likageuza shida: mawingu yanatiririka vizuri, kivuli cha mlima ni kama kimegandishwa.

Utaratibu wa sasa ni kupiga kila sekunde 4 na kuamua kasi baadaye. Saa 3 ni picha 2,700. Faili la RAW (picha ghafi ya kamera) likiwa na MB 25, jumla ni GB 67.5, kwa hiyo kadi ya GB 128 inamaliza kazi bila kubadilishwa. Kwenye kompyuta, kila picha 5 zinazofuatana zinaunganishwa kuwa moja kwa kukokotoa wastani wake. Zinabaki 540, kasi ileile ya sekunde 20, ila wingu sasa linaburuta ukungu mwepesi badala ya kuruka. Kuchagua picha moja na kutupa nne hakusaidii, maana kumwekamweka kunarudi palepale.

Wastani nao una ila yake. Shata, kilango kinachoingiza mwanga kwenye kamera, ikifunguka kwa muda mfupi, ukingo wa wingu lenye kasi huonekana mara tano, kama ngazi. Juani, kwa ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na f/8 (upana wa mwanya wa lenzi), shata huwa karibu 1/400 ya sekunde. Kichujio cha ND64, kioo cheusi kinachopunguza mwanga mara 64, kinaifikisha karibu 1/6, bado haitoshi. ND1000, ya mara 1,000, inaifikisha sekunde 2.5, na hapo ngazi zinafutika. Inabaki sekunde 1.5 ya kamera kuandika faili, basi zima kipengele cha kupunguza chenga (vidoa vya rangi) kwenye picha za shata ndefu: hupiga picha ya pili ya giza yenye muda uleule, na ratiba nzima inavurugika. Fokasi ipatikane kabla ya kufunga kichujio, kisha pete ya lenzi ibandikwe tepu.

Mipangilio mingine yote ya kamera ni ya mkono. Mwanga upimwe kwenye wingu lililopigwa na jua, kwa kuwa ndilo huungua kwanza. Giza la bonde linaweza kuinuliwa baadaye, weupe uliokwisha kuungua haurudi. Mizani ya rangi ni 5500 K (mwanga wa mchana), kitulizaji cha lenzi kimezimwa. Kichujio cha polaraiza, kinachopunguza mng'ao, hakitumiki: kwenye lenzi pana huacha doa la buluu nzito angani, na doa hilo huhama kadiri jua linavyosogea.

Kuna pia kupepesa kwa mwanga. Mapanga ya mwanya wa lenzi hujifunga upya kila picha na hayarudi sawasawa. Lenzi ya zamani yenye pete ya mwanya imelimaliza tatizo hili, kwa kuwa mwanya wake hukaa palepale. Kwa lenzi ya kisasa inabaki programu ya kusawazisha, nayo ina mtego: ikipewa wigo mrefu, yaani fremu nyingi za kulinganisha kwa pamoja, inadhani kivuli cha wingu ni kasoro na kukifuta, ilhali ndicho tulichokifuata mlimani! Kupepesa halisi hubadilika fremu kwa fremu. Kivuli huchukua fremu nyingi. Wigo wa fremu 3 hadi 5 unatosha.

Upepo: mkoba wa kuongeza uzito ukining'inia katikati ya tripodi bila kugusa chini huwa pendulumu. Uguse ardhi. Baridi hupunguza nguvu ya betri, hivyo umeme unatoka kwenye pawabenki iliyofungwa kwa kitambaa. Umande hutua kwenye lenzi hata hewa ikiwa kavu kiasi, kwa sababu kioo kinachotazama anga hupoa kuliko hewa inayokizunguka. Mkanda wa joto uwashwe kabla, si baada ya ukungu kutanda.

Kinachofuata ni machweo. Mwanga hushuka haraka na shata haiwezi kupita sekunde 4 zilizopo, kwa hiyo ND1000 italazimika kuvuliwa katikati ya upigaji. Kishikilia kichujio cha sumaku ndicho kitakachojaribiwa, kuona kama kinatoka bila kusogeza fremu hata pikseli chache.