Moshi wa K4 yangu ulivyorudi

Moshi ulikuwa unatoka, lakini mwembamba kama wa kijiti cha udi kinachokaribia kuzimika. Kichwa chenyewe cha treni yangu ya mfano kilitembea vizuri, taa ya mbele inawaka, honi inalia. Ila pale kwenye dohani, ambako ndiko macho ya kila mtu huenda, palikuwa na uzi mmoja tu wa moshi, nao ulipotea kabla treni haijamaliza mzunguko wa pili.

Kichwa hiki ni mfano mdogo wa K4, aina ya kichwa cha treni ya mvuke cha shirika la reli la Pennsylvania, Marekani. Ni cha kipimo cha O, mojawapo ya saizi za treni za mfano, cha kutembea juu ya njia ya reli tatu. Nilikinunua kikiwa kimeshatumika, huku huku Pennsylvania tunakoishi, baada ya kumpeleka mwanangu Baraka kwenye makumbusho ya reli ya Strasburg. Pale imehifadhiwa K4 halisi, namba 3750. Vichwa vya aina hiyo viliundwa 425, kati ya 1914 na 1928, na magurudumu yake makubwa yana kipenyo cha zaidi ya mita mbili. Mtu mzima akisimama kando yake anaonekana mtoto. Ng'ambo ya barabara treni za mvuke bado zinabeba abiria, na unarudi nyumbani nguo zinanuka makaa. Ukishaona hayo, K4 isiyotoa moshi mezani kwako inakunyima raha.

Nilianza na kitu chepesi. Chini ya kichwa kuna swichi ndogo ya kuzima moshi, na inafaa kuitazama kabla ya kugusa bisibisi. Yangu ilikuwa imewashwa. Nikaona basi mafuta ya moshi, yale yanayopashwa joto ndani ya kichwa yakatoa moshi, yamekauka: nikatia matone kumi, nikaona hayatoshi, nikatia kumi mengine, na mengine tena. Hapo nikaharibu zaidi. Dohani ikaanza kutokota kama sufuria ya uji, mafuta yakaruka hadi juu ya boila, moshi ukakata kabisa. Mafuta yakizidi hukizamisha kipasha joto na kujaza mapovu kwenye njia ya hewa. Nilizima umeme, nikaacha kipoe, nikapuliza kwa mrija ndani ya dohani, kisha nikakipindua juu ya karatasi za jikoni kilale hivyo usiku kucha. Asubuhi ukarudi moshi ule ule wa udi.

Nikashuku umeme. Nilifungua skrubu za chini, nikainua boila taratibu kwa sababu nyaya ni fupi na ukivuta unakata. Kitoa moshi chenyewe ni kisanduku cha chuma cha kuingia kiganjani, na ndani kimegawanyika vyumba viwili. Chumba kimoja kina feni ndogo. Cha pili kina utambi ulionyonya mafuta, na juu yake vipasha joto. Kati ya vyumba hivyo kuna kitundu kimoja, hakizidi punje ya dengu, ambacho feni husukumia hewa. Hewa hiyo ndiyo inayoubeba moshi hadi nje ya dohani. (Vichwa vya zamani havina feni. Husukuma hewa kwa pistoni inayofuata mwendo wa magurudumu, kwa hiyo huko mtu aanze kwa kuangalia kama pistoni imenasa.)

Nikachomoa plagi ya kipasha joto na kupima ukinzani wake wa umeme kwa mita. Changu kina vipasha joto viwili vya omu 16 kila kimoja, vimeungwa sambamba, hivyo kikiwa kizima mita husoma omu 8 hivi. Kimoja kikikatika itasoma 16. Vyote vikikatika haisomi kitu. Yangu ilisoma 8. Pamoja na hayo nilikuwa tayari kwenye kompyuta natafuta kitoa moshi kipya, maana nilishaamini kuwa hiki kimekufa.

Mama Baraka alikuwa anapita na kikombe cha chai. Akainama, akatazama ndani ya kisanduku. "Baba Baraka, mbona utambi wenyewe umeungua? Jiko la Mchina likifika hapa unabadilisha tambi, hubadilishi jiko."

Nikachukua kibano nikaugusa. Pembeni ulikuwa bado mweupe na laini, umelowa mafuta. Lakini pale katikati, chini ya vipasha joto, ulikuwa umekuwa gamba jeusi, gumu, lenye kung'aa kama ukoko wa wali uliosahauliwa jikoni. Mafuta yalikuwepo, joto lilikuwepo, ila hayakukutana, kwa sababu gamba halinyonyi. Aliyekuwa nacho kabla yangu alikiendesha kikavu, moshi umekwisha na swichi haijazimwa, mara nyingi hadi kikafika hapo.

Nikanunua utambi wa nyuzi za kioo, ule usioungua kirahisi kama pamba, nikavaa glavu kwa sababu nyuzi zake zinawasha, nikakwangua ukoko wote na kusafisha chumba. Halafu kwa furaha nikajaza. Nilidhani utambi mwingi ni moshi mwingi. Nikafunga, nikatia mafuta, nikawasha: harufu ya kuungua, na moshi hakuna hata ule wa udi.

Safari hii sikukimbilia mita. Nilichana kipande cha karatasi laini, upana wa kidole, nikakining'iniza juu ya dohani. Feni ilisikika ikivuma, karatasi haikutikisika. Nikafungua tena, na jambo lilikuwa wazi kabisa: utambi wangu mnene ulikuwa umesogea ukakaa juu ya kile kitundu cha dengu, umekiziba. Joto lilibaki ndani bila pa kwenda. Ningeendelea dakika chache ningeunguza na utambi mpya.

Nilitoa karibu nusu. Uliobaki niliulaza chini ya vipasha joto, ukivigusa bila kuvizunguka, na upande wa kitundu nikaacha nafasi. Feni nayo nikaipa tone la mafuta mepesi kwenye ekseli, tone la ncha ya sindano. Kabla ya kutia hata tone moja la mafuta ya moshi nilirudisha karatasi juu ya dohani, na ikarukaruka. Siku hizi jaribio la karatasi ndilo la kwanza, halafu ndiyo mita.

Utambi mpya ulikunywa matone 15 mara ya kwanza. Sasa natia sita au manane, na moshi ukianza kupungua nazima swichi pale pale, hata Baraka akilalamika. Mafuta yenyewe ni yale yaliyotengenezwa kwa kazi hii tu. Tafadhali mtu asijaribu mafuta ya taa, ndani kuna kipasha joto kilicho wazi na ukutani kuna mapazia. Dirisha linakuwa wazi kidogo, na tukimaliza kucheza tunafuta reli kwa kitambaa chenye spiriti, kwa sababu moshi huo ni mafuta na hutua chini; reli zikipata utelezi magurudumu yanazunguka pale pale.

Jumamosi jioni tunazima taa ya chumba na kuacha ile ya kichwa peke yake. K4 inaanza polepole na mabehewa matano, na moshi unatoka kwa mapigo, feni ikifuata magurudumu: pu, pu, pu, pu. Baraka anayahesabu kwa sauti hadi treni inaposhika kasi na hesabu inamshinda.