Kaburi la Nadezhda, Florence

Jana niliingia kwenye makaburi ya Waprotestanti ya Florence, Italia, yaliyo kwenye kilima kidogo cha mviringo chenye misipresi, huku magari yakipita pande zote. Kanisa la Waswisi la Kiinjili lilinunua ardhi hii mwaka 1827, kwa sababu hapo awali marehemu asiyekuwa Mkatoliki ilibidi asafirishwe hadi Livorno ndipo azikwe. Makaburi yakafungwa mwaka 1877, baada ya kuta za mji kubomolewa.

Wageni wengi huelekea kwa mshairi Elizabeth Barrett Browning, aliyefariki mwaka 1861. Mimi nilisimama kwa muda mrefu zaidi mbele ya jiwe la Nadezhda, mwanamke Mnubi aliyeletwa Florence akiwa msichana wa miaka kumi na minne, ambaye habari zake zimechongwa kwa herufi za Kirusi. Niliguswa sana kumkuta Mwafrika akiwa na jina lake na jiwe lake miongoni mwa matajiri wa Ulaya. Hapo hapo amelazwa Theodore Parker, mhubiri wa Marekani aliyepinga utumwa, na ambaye Frederick Douglass, aliyewahi kuwa mtumwa, alikuja kulizuru kaburi lake mwaka 1887.

Katika makaburi mengi ya Italia mifupa hufukuliwa baada ya miaka kadhaa na kuhifadhiwa pamoja katika nyumba ya mifupa. Nashukuru kwamba jiwe la Nadezhda bado limesimama, na bado linasomeka.