Bastogne, na Baba Mdogo

Baba Mdogo ametengeneza malori Bujumbura tangu ujana wake, kwa hiyo tulipofika uwanja wa McAuliffe mjini Bastogne, Ubelgiji, Desemba 2014, hakutazama bendera wala watu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kifaru. Ni Sherman cha Divisheni ya 11 ya Vifaru ya Marekani, kilichopigwa na Wajerumani tarehe 30 Desemba 1944 karibu na kijiji cha Renuamont. Vita vilipokwisha kikavutwa hadi mjini, na tundu lake ubavuni lipo mpaka leo. Alilikagua tundu lile kama mtu anayetafuta gari lilipoanza kuvuja, kisha akauliza, "Injini ilikuwa ya petroli?"

"Ya petroli, Baba Mdogo."

Akaguna. "Na watu wangapi ndani?"

"Watano."

Hakusema kitu tena. Mimi ni muuguzi, na mbele ya chuma kama kile swali langu ni moja tu: waliotoka wakiwa wameungua walipelekwa wapi, na nani aliwafunga bandeji? Vitabu vya vita vinahesabu vifaru hadi cha mwisho, lakini kuhusu bandeji vina haraka. Kwa Bastogne jibu linajulikana, na ndilo lililonifanya nimtoe mzee wa watu Liège kwenye baridi ile. Alikuwa amekuja Ubelgiji kututembelea, na alidhani nampeleka kuona sherehe.

Sherehe zilikuwapo, maana ilikuwa miaka 70 tangu mji ule uzingirwe na Wajerumani. Vijana wa Kibelgiji waliovaa sare za Wamarekani walipita na jipu zao, na kutoka roshani ya manispaa wakubwa waliwarushia watu njugu za maganda magumu, kukumbuka jibu la dharau, "Nuts!" (yaani njugu), ambalo Jenerali McAuliffe wa Marekani aliwapa Wajerumani waliomtaka asalimu amri. Baba Mdogo alidaka mbili, akanung'unika kwamba chakula hakichezewi, akazitia mfukoni.

Tukaondoka pale kwa miguu kuelekea barabara ya Neufchâteau. Njiani nilimsimulia.

Wengi wanapotaja Bastogne huwataja askari wa miavuli wa Divisheni ya 101 ya Marekani. Kumbe waliotangulia kufika kuulinda mji, tarehe 18 Desemba 1944, walikuwa watu wa vifaru: kikosi B cha Divisheni ya 10, chini ya Kanali William Roberts. Barabara saba zinakutana Bastogne, na Wajerumani walizihitaji. Roberts aliwagawa watu wake mafungu matatu, akayatuma Longvilly, Wardin na Noville. Kwa maoni yangu hao ndio walionunua muda ambao wengine waliutumia.

Huko Noville aliongoza Meja William Desobry, kijana wa miaka 26, akiwa na askari wa Batalioni ya 20 ya miguu na vifaru vichache. Asubuhi ya tarehe 19 ukungu uliinuka, wakaona vifaru vya Kijerumani vimejipanga kwenye vilima mbele yao. Walipigana siku hiyo na kesho yake. Desobry alijeruhiwa, na gari la wagonjwa lililombeba likaangukia mikononi mwa adui. Waliosalia walirudi Bastogne tarehe 20, na kati yao alikuwamo daktari wa batalioni, John Prior.

"Sasa hospitali?" aliuliza Baba Mdogo.

Hospitali ya 101 ilikuwa imetekwa usiku wa tarehe 19, pamoja na madaktari wake. Prior alifungua kituo kwenye nyumba ya mtu barabara hii tuliyokuwa tunaifuata, mofini ikiwa haba na konyaki ikishika nafasi ya dawa ya ganzi. Wauguzi wawili wa kiraia walijitolea kumsaidia. Mmoja alikuwa Renée Lemaire, binti wa mji huohuo. Wa pili ni Augusta Chiwy, aliyekuja tu kula Krismasi na baba yake.

"Chiwy?" Alisimama. "Hilo si jina la huku."

Nikamwambia alizaliwa mwaka 1921 Mubavu, kwetu Burundi, baba yake daktari wa mifugo Mbelgiji, mama yake Mkongomani. Aliletwa Ubelgiji akiwa na umri wa miaka tisa. Nguo zake zilipojaa damu alipewa sare ya Kimarekani, akatoka na Prior chini ya risasi kuokota majeruhi. Prior alipomtania kwamba ufupi wake ndio uliomwokoa, alimjibu kuwa uso mweusi kwenye theluji yote ile ni shabaha rahisi, basi hao Wajerumani hawajui kulenga. Baba Mdogo alicheka hadi akashika ukuta.

Sehemu iliyofuata niliisema polepole. Palikuwa na majeruhi wazungu waliokataa kuguswa na Augusta. Prior aliwapa kuchagua: yeye, au kufa. Nilipoanza kazi kwenye nyumba ya wazee, bibi mmoja alikataa nisimwogeshe, na wakubwa wangu walibadilisha zamu kimyakimya, kana kwamba rangi yangu ni ratiba iliyokosewa. Kwa hiyo huyo daktari wa kikosi cha vifaru nampenda kwa sababu ambazo hazimo kwenye nishani zake.

Mkesha wa Krismasi bomu lilianguka juu ya kituo. Majeruhi zaidi ya 30 walikufa, na Renée Lemaire pamoja nao. Prior aliupeleka mwili wake kwa wazazi umefungwa kwa kitambaa cheupe cha mwavuli wa kijeshi. Augusta alirushwa na mlipuko hadi akapenya ukuta, akainuka, akaendelea na kazi. Tarehe 26 vifaru vya Divisheni ya 4 vilivunja mzingiro kutoka kusini.

"Alikufa lini?" aliuliza.

"Hajafa, Baba Mdogo. Ana miaka 93, yuko upande wa Brussels. Juzijuzi tu, mwaka 2011, ndipo mfalme na jeshi la Marekani walipomkumbuka."

Alinitazama kama niliyemficha mgeni jikoni. "Na sisi tunazunguka kwenye vyuma! Twende tumsalimie."

Nilimweleza kuwa huku hubishi hodi kwa mtu asiyekujua. Hilo hakulikubali hata kidogo. Ndagala, dagaa wa kwetu, alizotoka nazo Bujumbura zilikuwa bado nusu mfuko nyumbani kwangu, na kwa hesabu yake hakuna mzaliwa wa kwetu anayefungiwa mlango na ndagala. Tuliligombania kituoni, tukaligombania ndani ya basi la Libramont, na kwenye treni aliniomba nitoe kalamu niandike anwani.