Ganuni ndani ya MP3

Kwa wiki tatu sasa nimekuwa nikihamisha diski zangu za CD za taarabu kwenye kicheza muziki kidogo chenye kadi ya gigabaiti 4 tu, na suala la fomati, yaani namna muziki unavyohifadhiwa ndani ya faili, ambalo zamani niliwaachia mafundi, limenilazimu nilihangaikie mwenyewe. Nyimbo zenyewe ni ndefu, dakika 12 ni jambo la kawaida, na kwenye diski kila dakika ya muziki hula zaidi ya megabaiti 10, kwa kuwa sauti hupimwa mara 44,100 katika kila sekunde, kushoto na kulia. Ningezimimina kama zilivyo, kadi nzima ingebeba muziki wa saa 6 na dakika chache.

MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde (ndicho kiasi cha data kinachotumika kwa kila sekunde ya muziki) huishusha dakika moja hadi chini ya megabaiti 1, na kadi hiyohiyo hubeba karibu saa 69. Fomati hii, ambayo ilitangazwa kuwa kiwango rasmi mwaka 1993 na ambayo taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani ilishiriki sana kuibuni, haibani sauti kama mtu anayekunja nguo. Inazitupa sauti ambazo sikio lisingezipata kwa kuwa zimefunikwa na nyingine zenye nguvu zaidi. Fidla na kodiani zikilia pamoja, hila hiyo hufaulu kiasi kwamba sikuweza kutofautisha faili na diski.

Ganuni, ile ala ya taarabu yenye nyuzi nyingi zinazodonolewa kwa vidole, ndiyo iliyoniumbua. Nilichagua wimbo ambao mwanzoni mwake ganuni inapigwa peke yake, nikazima feni, nikavaa vipokea sauti vya masikioni. Kabla ya kila mdono wa waya kulisikika mnong'ono mfupi, kama mchanga unaomwagika juu ya karatasi, na rika, tari ndogo yenye vikengele, ilipoingia, vikengele vyake vilikuwa vimeyeyuka vikawa mvumo mmoja. Sababu ni kwamba MP3 hukata sauti vipande vipande, na makosa ya ubanaji husambaa katika kipande chote, hata katika ile sehemu ya kimya inayotangulia mdono. Vipo vipande vifupi kwa ajili ya sauti za ghafla, lakini katika MP3 kifupi kabisa ni cha sampuli 192 (sampuli ni kipimo kimoja kati ya vile 44,100 vya kila sekunde), ilhali AAC, fomati nyingine iliyokuja mwaka 1997, hushuka hadi 128. Kwa ukubwa uleule wa faili, AAC ilinirudishia ganuni ikiwa safi zaidi, ingawa rika bado ilikuwa na ukungu kidogo.

Ogg Vorbis, fomati nyingine tena, iliyotolewa rasmi mwaka 2002 na ambayo tangu mwanzo haikumdai mtu ada ya leseni, ilinipendeza sawa na AAC. Bahati mbaya, kicheza changu huonyesha jina la faili lake na kisha kuruka kwenda wimbo unaofuata. WMA, fomati ya kampuni ya Microsoft, sikuipa muda mrefu, sikuona inachoongeza.

Mwishowe nimerudi kwa MP3, kwa kuwa redio ya gari la kaka yangu haielewi kitu kingine, lakini nimeiongezea nafasi: naitumia LAME, programu ya kutengeneza MP3, na kuiacha ipandishe na kushusha kilobiti kulingana na ugumu wa muziki, wastani ukiwa karibu na 190. Mnong'ono ule siusikii tena, na kadi inabeba kiasi cha saa 46, ambazo sijui nitazimaliza lini.

Nyimbo nilizowahi kuwekewa kwenye kibanda kimoja nimezifuta zote. Zilikuwa zimeandikwa kilobiti 320, nami nikafurahi, hadi nilipozifungua kwenye kompyuta na kukuta hakuna chochote juu ya kilohezi 16, yaani sauti nyembamba kabisa zimekatwa: mtu alichukua faili za 128 akazibana upya kwa namba kubwa, na kilichokwisha kutupwa hakirudi kwa kupanua gunia. Ndiyo maana kila diski naihifadhi kwanza kwa FLAC, fomati ambayo hupunguza ukubwa hadi karibu nusu bila kutupa hata sampuli moja, na kutoka hapo ndipo natengeneza MP3. Zimebaki diski 11, na mbili kati yake zina mikwaruzo inayoifanya kompyuta irudie sehemu moja kwa dakika kadhaa kabla ya kuendelea.